Baiskeli ya Kijapani 220,000 au ya giya 120,000: ninunue ipi?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mlinzi wa ghala Kurasini, ninakaa Mbagala Kizuiani. Nauli inanimaliza, na nikitoka zamu ya usiku alfajiri daladala ni za kugombania. Nina baiskeli ya Phoenix aliyoniachia marehemu baba, ila ni nzito, nataka kuiuza nichukue nyepesi. Nimepata mbili. Moja ni mtumba wa Japani, ya kikapu mbele, muuzaji anazishusha kwa kontena, anataka 220,000. Nyingine ni ya giya, ina springi mbele, ya kijana wa mtaa wa pili, 120,000. Haina risiti, anasema alipewa na mjomba wake. Nina 250,000 tu. Nichukue ipi, na Phoenix niiuzeje?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Pole na zamu za usiku.

Umenitajia bei, kikapu, springi na mjomba. Hukunitajia namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, na mimi ndiyo ningeisoma kabla hata sijagusa kengele. Baiskeli ya mtumba unainunua mara mbili: siku unapomlipa muuzaji, halafu kidogo kidogo kila unapopita dukani kutafuta tairi, tyubu na gololi. Malipo ya kwanza unayajua. Ya pili yamejificha kwenye ile namba, na watu wengi wanaonijia kibandani wameshaumia nayo tayari.

Hizi za Kijapani za kikapu huja kwa saizi mbili hasa, 26 na 27. Inama, futa vumbi ubavuni mwa tairi. Ya 26 utasoma 26 x 1 3/8, na karibu yake kwa maandishi madogo 37-590. Ya 27 utasoma 27 x 1 3/8, na kwa maandishi madogo 37-609. Shika hayo madogo, makubwa yanadanganya. Ile 37 ni unene wa tairi kwa milimita. Ile 590 au 609 ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokalia.

Saizi ya 590 ni ya zamani, ya Kiingereza, na viwanda vya India na China vinaitengeneza hadi leo. Ukiikosa kwa huyu utaipata kwa yule. 609 ni saizi ya kwao Japani. Ukienda dukani ukaomba tairi la 27, utapewa linaloitwa 27 x 1 1/4, na muuzaji atakuapia kwamba 27 ni 27. Soma namba ndogo: 630. Hiyo imezidi rimu yako milimita 21. Italegea kama kiatu cha kaka mkubwa, na ukijaza upepo tyubu itachungulia pembeni ipasuke. Kwa hiyo mwenye 27 anabaki kutegemea tairi kuukuu zinazokuja ndani ya kontena lile lile, zilizokwisha chakaa huko zilikotoka.

Nina mteja mmoja wa maziwa aliyenunua 27 kwa sababu ilikuwa ndefu na yeye ni mrefu. Miezi minne tairi la nyuma likachanika ubavu. Alipolileta kwangu lilikuwa limeshonwa kwa waya wa shaba, tundu kwa tundu kama kiraka cha gunia, na ndani ameweka kipande cha tairi jingine tyubu isichomwe na waya. Kila gurudumu lilipozunguka ule mshono ulipiga barabara, tap, tap, tap. Maziwa yalikuwa yanafika yameshaanza kuganda.

Ya giya nayo itaandikwa 26, lakini 26 ya familia nyingine: 26 x 1.95 au 26 x 2.125, namba ndogo 559. Tairi zake zimejaa mjini. Hapo kijana wa mtaa wa pili anampita Mjapani, nami siwezi kumnyima haki yake. Phoenix yako ni 28 x 1 1/2, namba ndogo 635, na vipuri vyake vipo mpaka vijijini. Ila siku ukivutiwa na 28 ya kutoka Ulaya, kumbuka ile mara nyingi ni 622. Tairi za Phoenix haziingii huko, wala za huko haziingii kwenye Phoenix.

Tuseme umeinama na ni 590. Vizuri. Sasa nenda kaikague, na uende asubuhi. Jioni kutu na nyufa huzioni, na taa za dukani huifanya kila rangi iwe mpya. Beba rula, uzi wa kama mita tatu na kitambaa kikuukuu. Ukimchukua fundi, mlipe wewe. Fundi anayepewa soda na muuzaji ni ulimi wa muuzaji.

Kitambaa ni cha kufutia. Wauzaji wengi hupaka fremu oili au dizeli ili kutu ing'ae na kuonekana kama rangi, na tairi wanazipaka dawa ya kung'arisha. Futa kwanza chini, pale fremu inapokutana na mhimili wa pedali, maana maji ya mvua yakiingia kupitia bomba la kiti hutuama pale. Kutu ya juu juu isikutishe, hii ni Dar, chumvi ya baharini inakula hata misumari ya paa. Kutu inayotoka kwa maganda ukiikwangua kwa ufunguo, achana nayo. Tairi libonyeze kwa kidole gumba halafu likunje kidogo: likionyesha mipasuko midogo kama kisigino kisichopakwa mafuta, mpira umeshazeeka hata kama meno yake yote yapo.

Kisha pitisha kiganja chini ya lile bomba linaloshuka kutoka shingo ya usukani. Baiskeli iliyogonga ukuta au gari hukunja pale. Utaona rangi imejikunja mawimbi au imepasuka kama tope la mbuga wakati wa kiangazi. Uzi nao: funga kwenye ekseli ya nyuma upande wa kulia, upeleke mbele uzunguke shingo ya usukani, urudi kushoto hadi kwenye ekseli. Ukaze. Pima kwa rula nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kila upande. Zikilingana, au zikipishana kwa milimita mbili hivi, sawa. Zikipishana kwa upana wa kidole, hiyo fremu imepinda, na hata ukiishika kwa mikono miwili itakuvuta kando.

Funga breki ya mbele, isukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia inagonga shingoni, gololi za shingo zimelegea au zimekula njia. Kulegea ni kazi ya dakika kumi, kula njia ni kununua. Inua gurudumu, lizungushe, liangalie kwenye vijiti vya breki: linayumba? Likiyumba kidogo spoku zinakazwa. Weka mkono kwenye ekseli wakati linazunguka. Likiwa zima husikii kitu. Ukihisi mchanga unasagwa ndani, koni, vile vyuma ambavyo gololi huzungukia, zimekwisha. Mtikise pia huyo anayekwambia "ni grisi tu hiyo."

Breki ya nyuma ya Kijapani nyingi ni ya bendi, imefichwa ndani ya kikombe cha chuma kando ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Zinapiga kelele. Ukibana mbele ya msikiti wanageuka wote. Hiyo si sababu ya kuikataa, ila muulize muuzaji kama ameiweka oili. Kuna mafundi, wenzangu hawa hawa, wakisikia kelele wanamimina oili ndani. Kelele inakwisha kweli, na breki nayo inakwisha. Ijaribu: tembea nayo, bana ya nyuma peke yake. Gurudumu lisipogoma, bendi imelowa au imekwisha, nawe una malori ya bandarini mbele yako alfajiri.

Taa. Wewe unarudi kabla ya jua, kwa hiyo dainamo kwako si pambo. Bonyeza dainamo ilale kwenye tairi, inua gurudumu la mbele, lizungushe kwa mkono. Taa isipowaka, angalia kwanza waya mmoja uliochomoka, mara nyingi ndio huo. Nyingine zina dainamo ndani ya habu ya mbele, hizo ni laini zaidi na hazivuti mguu, ila zikifa basi zimekufa.

Keria ipindue uangalie chini. Za Kijapani nyingi zimegongwa neno CLASS na namba: 18, 25 au 27. Hizo ni kilo. Mtoto wa darasa la pili anapakiwa kwa shida, mke na gunia la mchele sahau. Umezoea Phoenix isiyouliza, ndiyo maana nakutajia.

Halafu kuna kufuli. Baiskeli hizi zina kufuli la duara linalobana gurudumu la nyuma, na zingine utakuta limekatwa kwa msumeno. Usiruke kusema ni ya wizi. Japani watu huegesha baiskeli karibu na stesheni za treni mahali pasiporuhusiwa, halmashauri inazikusanya, zisipodaiwa zinauzwa, na nyingine huishia kwenye makontena. Ufunguo umebaki mfukoni mwa mtu huko, kwa hiyo kufuli linakatwa. Utaona pia kibandiko kidogo chenye maandishi ya Kijapani na namba kwenye fremu. Ni usajili wao wa kuzuia wizi, uliokuwa lazima kisheria kuanzia 1994. Hapa kwetu hakikupi haki yoyote, lakini kikiwepo mahali pake kinakuambia fremu haijapigwa rangi upya. Mimi hukitafuta. Fremu iliyopigwa rangi ya kopo inaficha kitu, ama kulehemu, ama kutu, ama mwenyewe.

Hapo nimefika kwa kijana wa mtaa wa pili.

Nikueleze yaliyonikuta. Mwaka 2011 kijana aliniletea baiskeli nzuri ya giya, bei ya kuokota. Akasema anasafiri. Nikalipa, sikuandika hata mstari. Wiki mbili baadaye nimeiegesha nje ya kibanda, amesimama mtu na askari. Yule mtu hakupiga kelele. Alifungua bahasha, akatoa risiti iliyofifia, akainama chini ya pedali akasoma namba ya fremu kwa sauti, tarakimu moja moja, huku askari akifuata kwenye karatasi kwa kidole. Zililingana zote. Baiskeli ikaenda, fedha yangu ikaenda, na mimi nikaenda kutoa maelezo, nikarudi kesho yake, na kesho kutwa. Kijana "aliyesafiri" nilikuja kumwona miezi sita baadaye, anakula chipsi.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, iko hivyo: anayekuuzia kitu kisicho chake, bila ruhusa ya mwenyewe, hawezi kukupa haki ambayo yeye hana. Ulinunua kwa nia njema? Hongera, lakini baiskeli inarudi kwa mwenyewe nawe unabaki kumdai aliyekuuzia, kama utamwona. Na kama ulijua au ulikuwa na sababu ya kujua kwamba ni ya wizi, kuna Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 311, kupokea mali ya wizi. Bei iliyo chini mno nayo inaweza kuhesabiwa kama sababu ya kujua.

Sisemi kijana huyo ni mwizi. Wajomba wapo, na wanagawa baiskeli. Lakini mjomba ana simu. Mwombe ampigie mbele yako, uweke sauti kubwa, umuulize mjomba baiskeli ni rangi gani na aliipata wapi. Mjomba wa kweli ataanza kukusimulia hata usichouliza. Kisha ipindue utafute namba ya fremu, iwe chini ya pedali au kwenye bomba la kiti. Ikiwa imesagwa kwa tupa, mazungumzo yameisha, mtakie jioni njema. Ikiwepo, mwandikishiane: majina kamili, namba za NIDA, namba ya fremu, rangi na alama, bei kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe, sahihi na shahidi mmoja kila upande. Pelekeni serikali ya mtaa. Mwenye mali yake haogopi mwenyekiti. Ila ujue kwamba mhuri wa mtaa hauisafishi baiskeli ya wizi, kazi yake ni kuonyesha ulinunua wapi na kwa nani. Na huyu wa kontena naye akupe risiti yenye namba ya fremu, usikubali iliyoandikwa "baiskeli 1" tu.

Tuchukulie mjomba ni wa kweli. Bado ya giya ina mtihani wake. Mnyororo wake upime kwa rula: kutoka katikati ya pini moja, hesabu viungo 24, inatakiwa iwe inchi 12, yaani sentimita 30 na nusu. Ikifika 30.8 mnyororo umerefuka, na mnyororo uliorefuka huwa umeshakula meno ya nyuma yamechongoka kama ya papa. Utabadilisha vyote viwili, maana mnyororo mpya kwenye meno ya zamani unaruka. Panda, ipe nguvu, badilisha giya moja moja kwenda na kurudi. Tazama pia gurudumu la nyuma linapozunguka kama linatingishika upande wa giya, kwani habu nyingi za bei nafuu hupinda ekseli pale. Na ile springi ya mbele, kwa mtu wa Kilwa Road yenye lami, ni kilo za ziada unazozipandisha kila siku bila malipo. Inayumba ukisimama kwenye pedali, na ikishashika kutu ndani inakuwa bomba tu.

Uamuzi wangu ni huu. Ya Kijapani ikiwa 590, fremu imenyooka, taa inawaka, ichukue, lakini si kwa 220,000. Una 250,000, na baiskeli iliyokaa kwenye kontena inahitaji grisi mpya, waya za breki, pengine tyubu mbili. Weka pembeni 40,000 usiziguse kabisa. Zibaki 210,000, na uanze kuongea kutoka 170,000 ukimwonyesha kila ulichokiona: tairi, waya, kufuli lililokatwa. Usimwambie "punguza", mwambie "hili tairi nitanunua bei gani?" Anajua. Usimwonyeshe pia kwamba umeshaipenda. Mkono ukikaa kwenye kengele muda mrefu bei haishuki.

Phoenix usiiuze sasa. Fedha unayo, na baiskeli mpya kwako lazima uizoee mwezi mmoja ndipo uijue ugonjwa wake. Ukifika muda, usimuuzie fundi, hata mimi. Sisi tunainunua kwa bei ya vipuri. Mnunuzi wako ni mtu wa madafu, wa mkaa, wa vyungu, mtu anayeishi kwa keria. Waulize watatu kwa siku tofauti wangetoa ngapi, ndiyo utaijua bei yake ya kweli. Madafu yanakwenda sana kwenye joto, Desemba hadi Machi, na ndipo wanaoanza biashara hutafuta baiskeli. Usiipake rangi. Anayenunua Phoenix anataka kuiona fremu ilivyo. Badala yake badilisha pini za pedali kama zinacheza, kaza spoku, acha keria ile ile kubwa, na hata mpira wa kufungia mzigo muachie.

Siku ya kuuza, anayetaka kuijaribu aache fedha yote mkononi mwako kwanza. Asiache simu mbovu, wala rafiki asiyemjua vizuri. Akilipa kwa simu usiamini ujumbe ulioingia, kwa sababu ujumbe unaghushiwa. Ingia kwenye menyu uangalie salio mwenyewe ndipo uachie usukani. Na wewe mwandikie hati kama ile ile niliyokuambia, ubaki na nakala, maana ikitumika vibaya kesho watakuja kwa jina la baba yako.

Nenda Jumamosi asubuhi na ile rula. Ukisoma 609 usibishane na mtu, muulize tu muuzaji kontena linalofuata linashuka lini na kama atakuwekea ya 26.